Jinsi ya kupima tovuti ya kikundi chenu kwa watu watano, kabla hujalipia programu yoyote

Swali ninaloulizwa ni lile lile kila wiki, hubadilika maneno tu: "Nimepewa kazi ya kutengeneza tovuti ya kikundi chetu, nitumie Figma au nini?" (Figma ni programu ya kuchorea muonekano wa tovuti.) Mwingine anauliza anunue kompyuta ya aina gani. Mwingine tovuti ameshaimaliza na inapendeza, lakini wanachama bado wanampigia katibu simu kuuliza mkutano ni lini. Jibu langu kwa wote ni moja: programu itakuja baadaye. Anza kwa kukaa na mwanachama, mwache ashike simu yake mwenyewe afanye kazi aliyoijia, na wewe unyamaze utazame. Hapa Dar es Salaam zoezi hilo litakugharimu nauli, soda na bando.

Tushike mfano mmoja. Kuna kikundi cha kuweka na kukopa Mbagala Rangi Tatu. Wanachama wengi ni kina mama wafanyabiashara, na wamo vijana wachache wa bodaboda. Tovuti yao inatangaza mikutano, inapokea maombi ya mkopo na kuonyesha kanuni za kikundi. Kama yako ni ya kanisa, msikiti, chama cha waliosoma pamoja au timu ya mtaa, badilisha majina tu.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Usiandike kwenye simu wakati wa zoezi. Mtu atadhani unachati.
- Karatasi za manila, mkasi na makapeni. Steshenari yoyote inavyo.
- Bando la kumwekea kila atakayekusaidia. Hili usilisahau. Hatumii MB zake kufanya kazi yako.
- Idhini ya viongozi wa kikundi, ikiwezekana kwa maandishi.
- Mtu mmoja wa kukusaidia kuandika, kama yupo. Ni vigumu kusikiliza na kuandika kwa pamoja.
- Kompyuta, ya kwako au ya kuazima, kwa ajili ya hatua ya 2 na ya 7 tu.

Hatua ya 1: Andika mambo matatu ambayo watu huja kuyafanya

Usikae peke yako ukabuni. Muulize katibu, au yeyote ambaye namba yake iko kwenye tangazo, watu humpigia kuuliza nini. Hayo maswali ndiyo kazi halisi ya tovuti. Kwenye mfano wetu yatakuwa: mkutano ujao ni lini na wapi, nitaombaje mkopo, na nikichelewesha rejesho natozwa faini kiasi gani.

Mkishapata matatu, simamieni hapo. Kamati itataka kuongeza historia ya kikundi, picha ya mgeni rasmi na salamu za mwenyekiti. Viwekwe, hakuna ubaya, ila visikae juu ya yale matatu.

Hatua ya 2: Pima kama ukurasa unafunguka

Tovuti isiyofunguka huwezi kuipima kwa mtu, utapoteza siku yake na yako. Fungua PageSpeed Insights, chombo cha bure cha Google, bandika anwani ya tovuti yako na usome matokeo ya simu. Ya kompyuta yaache. Tazama kipimo kinachoitwa LCP: muda ambao kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini huchukua mpaka kionekane. Google wanataka kisizidi sekunde 2.5.

Kikizidi sana, mshukiwa wa kwanza ni picha. Picha iliyopigwa kwa simu huweza kuwa na MB 3 au zaidi, na tovuti nyingi za vikundi zina kumi za namna hiyo ukurasa wa mwanzo, zinajibadilisha zenyewe. Zipunguze kwa Squoosh, ambayo hufanya kazi ndani ya kivinjari na hailipiwi. Picha ya upana wa pikseli 1,000 hivi, kwa muundo wa WebP, mara nyingi hushuka chini ya KB 150, na kwenye simu hutaona tofauti.

Angalizo: ukiifungua tovuti mwenyewe uone kasi yake, usitumie Wi-Fi ya ofisini. Kama una Chrome kwenye kompyuta, vifaa vyake vya wasanidi vina sehemu ya kupunguza kasi ya mtandao makusudi. Bora zaidi, washa data ya simu ukiwa ndani ya daladala saa 12 jioni, uone.

Hatua ya 3: Tafuta watu watano, na wawe watu sahihi

Kwa nini watano? Jakob Nielsen, aliyefanya kazi hii kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano hufichua karibu asilimia 85 ya matatizo ya tovuti, na kwamba ukiwa na nafasi ya watu 15 ni heri uwapime kwa awamu tatu za watano watano, ukirekebisha katikati. Hesabu yake ina masharti yake na wapo wanaoibishia, lakini kwa kikundi kisicho na bajeti ni mwanzo mzuri. Mtu wa tatu akikwama palepale walipokwama wawili wa kwanza, huhitaji ushahidi mwingine.

Kwa mfano wetu ningechukua kina mama watatu wa umri tofauti, kijana mmoja wa bodaboda, na mzee mmoja asiyeona vizuri kwa karibu. Wapate siku ya mkutano wa kikundi, mkutano ukishaisha. Kumwita mtu mjini kati ni kumpotezea siku ya biashara.

Usichukue rafiki yako wa kompyuta. Usichukue mwanafunzi wa chuo unayekaa naye Sinza kwa sababu tu yuko karibu. Na mwenyekiti asiwe chumbani mwanachama anapopimwa. Akiwepo, hakuna atakayethubutu kusema kwamba kitu hakieleweki.

Hatua ya 4: Andika utakachomwambia, bila kutaja maneno yaliyo kwenye tovuti

Makosa mengi ya wanaoanza huzaliwa hapa. Kama kwenye menyu pameandikwa "Huduma za Mikopo" nawe ukamwambia mama, "Nenda kwenye huduma za mikopo," umempima macho tu. Mpe hali ya maisha yake:

"Mama, tuseme unataka kuongeza mtaji wa genge na unahitaji laki tatu kutoka kikundini. Ungefanyaje kwa kutumia hii?"

"Jirani yako hakuja mkutanoni leo. Anataka kujua mkutano mwingine ni lini. Mtafutie."

Andika moja kwa kila jambo la hatua ya 1, basi. Dakika 20 kwa mtu zinatosha.

Na jambo dogo lenye uzito: mtumie linki kwa WhatsApp, aifungulie hapo. Wanachama wengi hufika kwenye tovuti kupitia kundi la WhatsApp, wanatua katikati ya ukurasa wa tangazo, ukurasa wa mwanzo hawajawahi hata kuuona. Mpime kwa njia anayoijia.

Hatua ya 5: Kaa naye

Kaa ubavuni, usikae mbele yake kama msimamizi wa mtihani. Salimia kama unavyosalimia watu. Kisha mweleze:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo mama. Leo naipima tovuti, wewe sikupimi. Ukikwama, kosa ni la tovuti na mimi ndiye natakiwa niirekebishe. Nakuomba tu uwe unasema kwa sauti unachokitafuta na unachokifikiria. Mimi nitakuwa kimya kidogo, usinielewe vibaya."

Hiyo sentensi ya mwisho ni lazima. Kwetu kijana kumwona mtu mzima anahangaika na kukaa kimya ni utovu wa adabu, na mama atadhani umemdharau. Ukimwambia mapema, anakuwa amekuruhusu.

Sasa nyamaza. Ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Kidole kitatangatanga, ulimi utakuwasha useme "hapo juu mama, ile mistari mitatu ya menyu." Usiseme. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Akikuuliza "nibonyeze hapa?" mrudishie swali kwa upole: "Wewe unaonaje, ukibonyeza patatokea nini?" Akishakata tamaa kabisa, mshukuru, andika kwamba hapa alishindwa, nenda kazi inayofuata.

Tazama vidole kuliko maneno. Nitaeleza kwa urefu kinachotokea kwenye fomu ya mkopo, maana fomu ndizo zinazoumiza watu.

Mama anafika kwenye tarehe ya kuzaliwa. Anagusa, kalenda inafunguka kwenye mwezi huu tulionao. Yeye amezaliwa 1968. Anagusa mshale wa kurudi nyuma, mwezi mmoja. Anagusa tena. Ili afike kwake anatakiwa aguse zaidi ya mara 600. Hajui kwamba akigusa ule mwaka ulioandikwa juu kwa herufi ndogo orodha ya miaka itafunguka, na hakuna kilichomwambia. Baada ya kugusa mara kadhaa anaweka simu mezani na kusema kwa adabu, "Labda mtandao." Mtandao hauna tatizo lolote. Ondoeni kalenda, wekeni visanduku vitatu vya kuandika: siku, mwezi, mwaka.

Halafu linakuja jina. Fomu inataka "jina la kwanza" na "jina la mwisho". Yeye ana majina matatu kama kila mtu, na kikundini anajulikana kwa jina la mwanawe. Wekeni kisanduku kimoja kirefu: "Majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho".

Namba ya simu: anaandika 0754 na kuendelea, akiacha nafasi kila baada ya tarakimu tatu kama alivyozoea. Fomu inakataa kwa rangi nyekundu: "namba si sahihi". Namba ni sahihi, imekuwa yake miaka yote. Fundi ahakikishe fomu inapokea 0, 255 na +255, pamoja na nafasi katikati, halafu kompyuta ijipangie yenyewe. Na kisanduku hicho kiwe cha aina ya "tel", ili kibodi ya tarakimu ijitokeze yenyewe.

Namba ya NIDA: tarakimu 20, na kwenye kitambulisho zimetenganishwa kwa vistari. Akiviandika vile vistari, zisikataliwe. Tena jiulizeni kama mnaihitaji kweli. Tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo fomu inayodai vyote viwili inamwandikisha mama kitu kimoja mara mbili. Kama katibu anamfahamu kila mwanachama kwa sura, acheni NIDA kwenye daftari la kikundi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawahusu na ninyi mnaokusanya taarifa za watu kwenye tovuti.

Mwisho kabisa amejaza vyote, na kitufe cha "Tuma" hakionekani. Kimefunikwa na kibodi. Ukiona mtu anasogeza ukurasa juu na chini kwa wasiwasi huku fomu imejaa, ni hicho.

Kurekodi kunasaidia. Simu nyingi za Android kuanzia toleo la 11 zina kirekodi cha skrini ndani yake, na kina chaguo la kuonyesha mahali kidole kinapogusa. Omba ruhusa kwanza, na washeni hali ya "usinisumbue". Ujumbe wa M-Pesa ukiingia katikati, umeshamrekodi salio lake. Ukimaliza kazi, futa rekodi mbele yake au mwambie utaifuta lini.

Angalizo la hatua hii: usimalize kwa kuuliza "Umeipenda?" Utajibiwa "Nzuri sana mwanangu, Mungu akubariki," na mtu huyo huyo kesho atampigia katibu. Uliza: "Ni wapi pamekusumbua kuliko pote?" Kisha: "Jirani yako akikuuliza hii ni ya nini, utamwambiaje?"

Hatua ya 6: Panga menyu kwa kadi za manila

Kata kadi kama 20. Kila kadi iandikwe kitu kimoja kilichomo kwenye tovuti: faini za kuchelewa, fomu ya mkopo, tarehe za mikutano, majina ya viongozi, jinsi ya kujiunga. Wape wanachama wawili au watatu pamoja, wazipange makundi wanavyoona wao, halafu wayape makundi majina. Majina watakayoyatoa ndiyo ya kuweka kwenye menyu.

Utashangaa. Kamati imeandika "Kuhusu Sisi", "Rasilimali" na "Huduma". Kina mama wataandika "Mikopo", "Mikutano", "Faini na kanuni". Chukua ya kina mama.

Hatua ya 7: Chora upya kwa karatasi, kisha ndiyo ufungue programu

Kata karatasi yenye ukubwa wa simu, chora skrini kwa makapeni, mpe mtu aguse kwa kidole, nawe ubadilishe karatasi kila anapogusa. Unaweza kupima wazo asubuhi, ukalitupa mchana, ukachora jingine jioni, na umeme ukikatika huna hasara.

Wazo likishakubali, sasa ndiyo wakati wa ile programu mliyokuwa mkiulizia. Kwa ufupi:

*Figma* hufanya kazi ndani ya kivinjari, ina kiwango cha bure kinachotosha kazi ya kikundi, na ndiyo ambayo wabunifu wengi wanaifahamu, hivyo msaada haukosekani. Inataka intaneti muda wote. Chora kwenye kompyuta. Simu ni ya kuonyeshea mfano tu.

*Penpot* ni ya chanzo huria (msimbo wake uko wazi kwa wote), inafanana na Figma, na kikundi chenye mtaalamu kinaweza kuiweka kwenye seva yake chenyewe. Kwa wanaojitolea na wasiotaka kufungwa na kampuni moja, mimi ningeanzia hapa.

Zote mbili, mambo matatu msiyasahau. Kitufe kiwe na upana na urefu wa milimita 9 hivi kwenye kioo, ambao ndio ukubwa Google wanaoupendekeza kwa kidole (wabunifu huuandika kama 48dp, kipimo cha skrini za simu). Maandishi na mandharinyuma yatofautiane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. WebAIM, taasisi inayoshughulikia tovuti zinazotumika na watu wenye ulemavu, wana kikokotoo cha bure cha kupimia hilo. Na mkishapima kwa kikokotoo, tokeni nje saa saba mchana, simameni kituoni juani, msome. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, kinachopendwa sana kwenye mifano ya kunakili, hapo hakisomeki.

Hatua ya 8: Rekebisha machache, rudi kwa watu wengine watano

Panga matatizo kwa idadi ya watu waliokwama, si kwa jinsi yanavyokukera wewe. Rekebisha yale yaliyowakwamisha watatu au zaidi, pima tena.

Utasikia habari za SUS, dodoso la maswali 10 la kupima urahisi wa kutumia mfumo, alilolitunga John Brooke mwaka 1986, ambalo wastani wake unaotajwa sana ni 68 kati ya 100. Ni kipimo kizuri, lakini kwa watu watano alama hiyo itayumba mno. Mimi ningewapelekea kamati hesabu nyepesi: awamu ya kwanza wawili kati ya watano walifanikiwa kuomba mkopo, awamu ya pili wanne.

Ukikwama

*Mtu hasemi kitu, anagusa tu.* Usimlazimishe. Wapime wawili wawili, mtu na shoga yake. Watajadiliana wenyewe, na utasikia kila kitu.

*Anasoma kwa shida.* Huyo ni mwanachama halali na tovuti ni yake pia. Andika sentensi fupi, weka namba ya katibu inayopigika kwa kugusa, na tangazo la mkutano liwe na rekodi ya sauti. Mara nyingi mnufaika wa pili ni yule mzee asiyeona karibu.

*Kila mtu amekwama mahali tofauti.* Huenda kazi ulizowapa hazikueleweka. Rudia hatua ya 4. Kama zilieleweka, basi ukurasa umebeba vitu vingi mno. Punguza kabla hujapima tena.

*Kanuni zetu ziko kwenye PDF iliyoskaniwa.* Kwenye simu ni mateso: mtu anakuza, anavuta kushoto, anavuta kulia, anapotea mstari. Ziandikwe upya kama ukurasa wa kawaida, faini zikiwa juu. PDF ibaki chini kwa anayetaka kuchapisha.

*Sina nafasi ya kukaa na watu, naweza kutumia Microsoft Clarity?* Ni ya bure, itakuonyesha watu wanapogusa na wanapoachia njiani. Haitakuambia kwa nini. Itumie kujua ukurasa gani wa kwenda kuupima, na hakikisha inaficha kinachoandikwa kwenye fomu.

*Kamati inakataa mabadiliko, wanasema tovuti ni nzuri.* Usibishane. Kwa ruhusa ya aliyerekodiwa, waonyeshe nusu dakika ya kidole kinachotafuta kitufe cha "Tuma".

*Fundi aliyetengeneza hapatikani na nenosiri analo yeye.* Hapo hakuna cha kupima mpaka hili liishe. Angalieni jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la nani na linalipiwa kwa nani. Kama ni la fundi, mwombeni alihamishie kwa kikundi kwa maandishi, mhakikishe namba ya simu na barua pepe ya usajili ni za ofisi ya kikundi. Akigoma, sajilini jina jipya kwa jina la kikundi, na muanzie hatua ya 1 mkiwa na funguo mikononi mwenu.